Durban, chaneli ya Kikorea na mchezo wa marehemu nilioufuta kwa mkono wangu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka, napita kimya kimya. Leo na mimi naweka la kwangu. Lilinitokea Durban, Afrika Kusini, mwaka 2014. Wale wazee wa "hii ni chai", yaani hadithi ya kutunga, nawaheshimu sana, ila hii haina majani wala sukari. Pale kumbukumbu ilipochoka nitasema imechoka.

Naandika kwa simu, mtanivumilia kwenye herufi.

Nilikuwa nimepanga chumba Pinetown, nje kidogo ya Durban, kwa mama mmoja Mkongo, Mama Sifa. Kiwanda nilichokuwa nabeba mizigo kilipunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Nikakaa ndani wiki sita naangalia dari. Mama Sifa ana saluni, na mnajua saluni ndiko habari zote zinakopita. Siku moja akanigongea mlango.

"Weye, unajua kupika? Iko mzee moja Mukorea kule Morningside. Bibi yake alikufaka. Mutoto yake iko Johannesburg, anatafuta mutu wa kukaa naye muchana."

Nikamuuliza kazi yenyewe ngumu?

"Ngumu ni kufunga mudomo. Ule mzee hasemake kitu. Na weye Mutanzania unapenda maneno! Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Mtu mwenye njaa anaweza kila kitu.

Basi nikaanza. Asubuhi napanda taxi (kule taxi ndiyo hizi hiace zetu), nashuka mjini, napanda nyingine hadi Morningside, nafika saa moja na nusu. Flat ya ghorofa ya pili, safi, ina harufu ya vitunguu saumu. Mwenyewe nilimwita Mzee Han. Zamani alikuwa na duka karibu na bandari, akiziuzia meli za uvuvi za kwao mchele, mboga za chumvi na sigara. Kiingereza chake kilikuwa hicho hicho cha bandarini, maneno mawili matatu halafu mkono. Jina langu lilimshinda siku ya kwanza tu, akaamua kuniita "Tanzania".

Anakaa kwenye kochi, TV inawaka. Chaneli moja, kuanzia naingia mpaka natoka saa kumi na moja.

Sasa nisikilizeni kuhusu hiyo chaneli.

Siku ya kwanza nilidhani TV imeganda. Kwenye skrini kuna watu wawili wamekaa, katikati yao ubao wenye mistari kama daftari la hesabu, juu yake vijiwe vyeusi na vyeupe. Hakuna anayesogea. Dakika tano. Kumi. Nikaenda kuipiga kofi kidogo kwa pembeni, kama tunavyozipiga zetu. Mzee Han akainua kidole akakitikisa: hapana. Na kweli, yule mmoja kwenye TV akachukua kijiwe, akakiweka, akarudi kuganda.

Ndiyo chaneli nzima, wakuu. Saa ishirini na nne ni mchezo mmoja, baduk. Hakuna taarifa ya habari, hakuna tamthilia. Binti yake, Dada Mina, alikuwa amemfungia kibox cha intaneti kinacholeta chaneli za cable za kwao, ziko nyingi kweli, lakini mzee rimoti hakuigusa.

Baadaye nilikuja kuijua ratiba kuliko ninavyojua ratiba ya swala. Korea wametutangulia saa saba, kwa hiyo nikifika asubuhi kule ni alasiri, kuna mechi za ligi zinarushwa live. Saa nne yetu ni darasa la watoto, mwalimu wa kike ana ubao mkubwa wa sumaku umesimama wima, anabandika vijiwe na kuwachekesha. Saa sita, matokeo na uchambuzi. Mchana wa saa tisa wanarudia michezo ya zamani, picha zake zimefifia, wachezaji wanavuta sigara ndani ya studio.

Historia yake pia niliipata kwa Dada Mina. Anasema ilianza miaka ya tisini, cable ilipoanza kuingia majumbani kule. Watu walicheka, nani atakaa kuangalia mawe? Kumbe wazee wa nchi nzima walikuwa wanasubiri kitu hicho hicho. Hapa Durban cable ya Korea haikuwepo, kwa hiyo shemeji yake Mzee Han, mdogo wa mkewe, alikuwa anarekodi kule kwenye mikanda ya video na kuwaletea kwa mabaharia. Meli ikitia nanga, mabaharia wanabeba mikanda mpaka dukani. Mzee na mkewe walikuwa wanaangalia ligi ya miezi minne nyuma, na ole wake baharia atakayewaambia nani alishinda.

Nimeenda pembeni. Nirudi kwenye kosa langu.

Kwa kuwa hamnijui, mimi ni mtoto wa baraza la bao. Baba yangu, Tanga, mtaa mzima walimwita fundi. Barazani kwake kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kete hazilali ubaoni. Ikiadhiniwa magharibi na mchezo haujaisha, mnafuta. Mnahesabu kete zote sitini na nne, mnatia mfukoni, kesho mnaanza upya. Baba alisema mchezo ukiachwa hivyo, kila mmoja analala akijua yeye ndiye aliyekuwa anashinda, na asubuhi mnagombana.

Sasa siku yangu ya pili pale, nafagia sebule, nikaona karibu na dirisha kuna ubao kama ule wa kwenye TV. Mnene, una miguu minne mifupi. Juu yake vijiwe vimetapakaa na vumbi juu ya vijiwe. Mzee yuko kwenye kochi, kichwa kimeinama, nikajua kasinzia.

Nikaona ah, huyu mzee hana mtu wa kumkusanyia. Nikaanza kimoja kimoja. Nafuta kwa kitambaa, nahesabu kwa mdomo kama tulivyozoea, vyeusi kwenye bakuli lake, vyeupe kwenye bakuli lake. Nikaupaka ubao mafuta kidogo ya kupikia ukang'aa. Nilijisikia vizuri sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Afrika Kusini nakishika kitu kinachofanana na nyumbani.

Mchana Mzee Han akaenda dirishani. Akasimama. Akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, akaingia chumbani kwake. Chakula hakula siku hiyo.

Mimi nikadhani hajapenda mchuzi.

Miezi miwili ikapita. Dada Mina akaja kumwona baba yake, mara ya kwanza tangu aniajiri. Kaingia, kaweka begi, macho yakaenda dirishani. Akamuuliza baba yake kitu kwa Kikorea, sauti juu. Mzee akajibu maneno machache huku anaangalia TV. Dada Mina akanifuata jikoni.

"Eish, baba anaanza kusahau," akaniambia. "Anasema vijiwe vya pale aliviondoa mwenyewe. Yeye! Miaka miwili hakuruhusu mtu hata kufuta vumbi. Mimi mwenyewe aliwahi kunifukuza pale."

Nikauliza, nikijifanya nakoroga sufuria, kwani pale palikuwa na nini?

Ndipo aliponieleza. Marehemu mama yake na baba yake walicheza kila jioni, maisha yao yote. Jioni moja mchezo haujaisha, mama akasema amechoka, watamalizia kesho. Akaenda kulala, hakuamka. Mchezo ukabaki vile vile, na zamu ilikuwa ya mama.

"Aliuchora kwenye karatasi mara moja tu," Dada Mina akasema. "Akaituma Korea, kwenye chaneli. Kuna kipindi cha barua, Alhamisi. Watazamaji wanatuma michezo yao, bingwa mmoja mzee anaichambua. Baba anataka kujua ule mchezo ungeishaje. Basi. Ndiyo anachosubiri hapo kwenye kochi."

Nikamuuliza hakubakisha nakala?

"Nakala ilikuwa ni ubao wenyewe. Na sasa kichwa chake, shame, hakiwezi tena kuupanga kwa kukumbuka."

Wakuu, niliweka kijiko chini.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sentensi moja tu: dada, ni mimi. Sikusema. Nilifikiria kazi, nikafikiria kurudi kuangalia dari Pinetown. Nikamwacha mzee wa watu aitwe msahaulifu kwa jambo nililolifanya mimi.

Aliyewahi kunyamaza hivyo anajua. Siku ya kwanza usiposema, ya pili ni ngumu zaidi, ya ishirini haiwezekani.

Nikaanza kukaa naye Alhamisi. Saa saba kamili mchana, kule saa mbili usiku, kipindi kinaanza. Bingwa ana nyusi nyeupe ndefu, pembeni yake mtangazaji wa kike anafungua bahasha kwa mkasi mdogo. Anasoma barua, bingwa anapanga vijiwe kwenye ubao wa sumaku, anakuna kidevu. Kila bahasha ikitoka Mzee Han anasogea mbele. Mtangazaji akisoma jina la mwingine, anarudi nyuma. Na mimi hivyo hivyo, nasogea, narudi.

Barazani kwetu watazamaji wa bao ndio wanaopiga kelele kuliko wachezaji. Utaambiwa cheza kulia, utaambiwa wewe bwege, utachekwa mpaka machozi. Pale nilijifunza kuangalia mchezo na mdomo umefungwa. Mama Sifa angeniona asingeamini. Mzee alikuwa ananionyesha vijiwe kwa kidole tu. "Hai." "Amekufa." "Ngoja." Siku zingine maneno matatu ndiyo yote tuliyopeana tangu asubuhi.

Niseme ukweli, nilikuwa mpweke sana kipindi kile. Jumapili nzima naweza kupita bila mtu kuita jina langu. Nikipiga simu nyumbani wananiuliza narudi lini, nacheka, nabadilisha mada. Ikafika mahali Alhamisi ndiyo siku ninayoisubiri, na hiyo hiyo ndiyo siku ninayoiogopa, kwa sababu kila bahasha isiyo yake ilikuwa inanisuta.

Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya tatu nilifika hadi "Mzee..." akanigeukia, akanitazama vizuri, akasubiri. Nikamuuliza kama anataka chai.

Mwezi wangu wa nane pale, likaanza kupita tangazo chini ya skrini. Mzee akalisoma akaipunguza TV sauti, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Jioni Dada Mina akanifafanulia kwenye simu. Chaneli inabadilika. Studio mpya, watangazaji vijana, michezo ya haraka haraka ya dakika kumi kuwavuta watoto wa intaneti. Kipindi cha barua kinafungwa mwisho wa mwezi.

Zilibaki Alhamisi tatu.

Ya kwanza, si yake. Ya pili, si yake.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nikafika nikamkuta amekaa sakafuni bafuni, ameteleza. Hakuvunjika, ila mkono ulikuwa umevimba na hakujua amekaa pale tangu saa ngapi. Dada Mina akapanda ndege siku ile ile. Jumanne akaondoka naye Johannesburg, na begi moja. Aliponiaga mzee aliniangalia, akaiangalia TV, akanipigapiga begani mara mbili. Mimi nikabaki na funguo, nipakie vitu kwenye maboksi mpaka Ijumaa.

Flat isiyo na mtu ni kitu kibaya, hasa ukiwa umezoea ukimya wa mtu aliyemo. Nikiwa peke yangu niliiacha TV ikiwaka ile ile, kwa mazoea tu.

Alhamisi, saa saba. Nimekaa kwenye boksi la vyombo. Bingwa wa nyusi nyeupe kavaa suti mpya, inaonekana wanaagana. Meza imejaa bahasha, wanasoma kwa haraka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siambulii neno. Mtangazaji akafungua nyingine, ndogo, akasoma kidogo, akasita, akamwonyesha bingwa. Halafu akasema "Deoban".

Neno hilo nililijua. Ndivyo Mzee alivyolitamka jina la mji kila akiongea na shemeji yake kwenye simu.

Nikapiga simu Johannesburg. Salio halikutosha hata salamu, nikabipu. Nikabipu tena. Dada Mina akapiga.

"Dada, barua ya Mzee! Inasomwa! Sasa hivi!"

"Usiniambie..."

"Sasa hivi, dada! Mpe Mzee simu!"

Nikasikia anakimbia. Kwao kile kibox hakikuwepo, kilikuwa hapa mbele yangu. Nikaipeleka simu mpaka kwenye spika ya TV, nikapiga magoti pale chini.

Bingwa akaanza kupanga. Kijiwe kimoja kimoja, anakitaja mahali pake kwa sauti, na najua kule upande wa pili mzee anavipanga kichwani. Nikauona ule ubao unarudi. Kila alipobandika kijiwe nilikuwa najiambia, hiki nilikishika, na hiki, na hiki. Mkono ulikufa ganzi, nikaukamata kwa mkono mwingine.

Alipomaliza kupanga, bingwa akawa anautazama tu. Kisha akaongeza vijiwe vichache, akavitoa, akaongeza vingine, akahesabu. Akasema kitu kifupi, akainamisha kichwa mbele ya kamera. Mtangazaji alikuwa anafuta macho.

Nikarudisha simu sikioni. "Mzee? Mzee, vipi?"

Nikasikia kitu nikadhani analia, kumbe anacheka. Halafu vyote viwili.

Dada Mina akaichukua simu.

"Mama anashinda. Kwa nusu pointi. Zamu ilikuwa yake, kuna sehemu moja tu ya kuweka, akiiweka anashinda. Unajua miaka yote hii alikuwa anaamini nini? Kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamfunga. Usiku ule alimtania sana, akamwambia kesho nakumaliza. Akaona mama kafa ameshindwa, na la mwisho alilosikia kwake ni hilo."

Nilikaa chini kabisa, mgongo kwenye meza ya TV.

"Dada," nikasema, "naomba nimwambie Mzee neno moja."

Akampa. Sikujipa nafasi ya kufikiri. "Mzee, ule mchezo wa dirishani. Sio wewe uliyeuondoa. Ni mimi. Siku ya pili tu. Sikujua. Nisamehe."

Akajibu pale pale, kwa kile Kiingereza chake cha bandarini.

"Najua. Mimi macho. Mimi naona."

"Ulikuwa macho?"

"Wewe hesabu polepole. Wewe safisha. Mimi miaka miwili, mkono hauwezi kuondoa. Wewe, sawa."

Alikuwa ameniona, na alipoulizwa na mwanawe akabeba yeye. Akakubali kuitwa msahaulifu ili mimi nisifukuzwe, akaendelea kunionyesha vijiwe kwa kidole miezi yote ile, na kila nilipofungua mdomo alikuwa ananisubiri niseme.

"Tanzania," akaita.

"Naam Mzee."

"Umekula?"

Saa nane ilikuwa imepita. Nikamwambia bado.

"Kula," akasema, na simu ikakatika.

Nikaingia jikoni. Kulikuwa na wali wangu wa jana kwenye kopo. Niliula wa baridi, nimesimama katikati ya maboksi, nalia kama mtoto. Sikulia kwa huzuni tu. Nililia kwa sababu kwa miezi nane nilijiona niko peke yangu kwenye nyumba ile, na sikuwa.

Ijumaa nikapakia ubao na mabakuli yake mawili, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikarudisha funguo. Mzee Han sikumwona tena. Alirudi Korea na binti yake mwaka uliofuata, na namba ile ya simu ikaacha kupatikana.

Nilichojifunza, kwa uelewa wangu mdogo: ukimkosea mtu, mwambie mapema, hata kama unadhani hajui. Mimi niliogopa kupoteza kazi nikapoteza miezi sita ya mazungumzo na mtu pekee aliyeniuliza kama nimekula. Kazi yenyewe iliisha vile vile.

Na nyumbani Tanga kuna mtu ambaye nami nina neno lake sijamwambia hadi leo. Sio la uzi huu, ila nimeanza kuandika ili nijitie moyo.

Uwanja ni wenu, wakuu. Kuna aliyewahi kuishi na mtu, wote wawili mnajua, na hakuna anayesema? Mlimalizaje? Na wale wa chai, leteni vikombe tu, nitawajibu wote.